Kasi ya Kwanza Si Kasi ya Safari

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, ofisa wa serikali katika kazi za mipango ya ardhi, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa wa shule yetu)



Kamati iliponiandikia barua ya kunialika ilinipa swali moja tu, nami nitajitahidi nisilikimbie. Chama chetu kinakusudia kupiga picha daftari za zamani za shule, za uandikishaji, za michezo na za matokeo, pamoja na zile albamu ambazo mchwa wameanza kuzionja, na kuziweka zote katika diski ndogo ya nje, ile inayochomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Kamati inauliza: tununue diski ipi?

Ndugu zangu, sikuja na jina la diski. Nimekuja na namna ya kuijaribu. Kiwanda kilicho bora mwaka huu chaweza kisiwe bora mwaka kesho, lakini mtu ajuaye kupima hapunjwi mwaka huu wala mwaka ujao. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vyote viwili vinajitembeza, tena katika maboksi yanayofanana, kwa hiyo hatuna budi kupima.

Nitayasema haya kwa mfano wa kazi tuliyoifanya Makurunge, kwa sababu huko ndiko nilikoona kwa macho yangu tofauti kati ya maneno ya boksi na kazi ya diski.

SHUGHULI YA MAKURUNGE

Wengi wenu mnaifahamu Makurunge. Ukitoka mjini Bagamoyo kwenda kaskazini, ukauvuka Mto Ruvu na kuifuata njia ya Saadani, hapo umefika. Ndiko ilikokuwa ranchi ya RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, na siku hizi ndiko kwenye mashamba ya miwa. Ni mahali ambapo mkulima, mfugaji, mchoma mkaa, mwekezaji na hifadhi ya wanyama wote wanaitazama ardhi ile ile. Katika mahali kama hapo mpaka wa kijiji si mstari wa kwenye karatasi tu. Ni chakula cha watu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya mwaka 2007, zinataka mambo haya yafanywe pamoja na wanakijiji wenyewe. Basi mwezi Januari 2025, kaskazi ikivuma, tulikwenda na ndege ndogo isiyo na rubani, wenyewe tunaiita droni, tukapiga picha kutoka angani. Hatukuwa wa kwanza kufanya hivyo nchini. Vijana wa mradi wa Ramani Huria walianza kuchora ramani za Dar es Salaam mwaka 2015 kwa ajili ya mafuriko, na mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni. Wote hao wanajua jambo moja: kurusha ndege ni kazi ya asubuhi, kutunza picha ni kazi ya miaka.

Sisi tulipata picha 12,000. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa megabaiti 9 hivi, na zote pamoja zilikaribia gigabaiti 110. Lakini kulikuwa na kitu cha thamani zaidi ya picha hizo. Wazee wanne walitembea na sisi mpakani kwa miguu siku tatu, wakituonyesha mbuyu huu, kisima kile, kaburi la fulani, na maelezo yao tukayarekodi kwa sauti. Picha za angani, ukiwa na fedha na kibali, unaweza kuzipiga upya. Mzee akishazikwa huwezi kumrekodi upya.

Mmoja wa wazee hao, aliyevuka miaka 80, alikitazama kile kidude nilichokishika kiganjani akaniuliza, "Mwanangu, hicho ndicho kitakachokumbuka mpaka badala yangu?"

Nikamjibu, "Ndicho, babu."

Akasema, "Umekijaribu?"

Nilifurahi kuweza kumjibu kwamba tumekijaribu siku mbili nzima kabla ya kuanza kazi, pale pale barazani kwenye ofisi. Nitawaeleza tulivyofanya.

KITU CHENYEWE

Diski za nje ziko za namna mbili. Ya zamani ina sahani zinazozunguka ndani, na kijiti kinachosoma juu yake kama sindano ya santuri. Ukiiangusha inapozunguka, waweza kuipoteza. Ya pili huitwa SSD. Ndani yake hakuna kinachozunguka. Mna chipu tu, zinazoshika chaji za umeme katika vijumba vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Chipu za namna hii ni ndugu wa zile zilizomo ndani ya flashi na simu. Aliyezibuni ni Mjapani, Fujio Masuoka, alipokuwa akifanya kazi Toshiba katika miaka ya 1980.

SSD haiogopi kuanguka kama mwenzake, ni nyepesi, na ni ya kasi. Basi watu wakisikia hayo huona shauri limekwisha. Kumbe ndio kwanza linaanza.

Barazani tulikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa diski ya zamani ya kuzunguka. Cha pili kilikuwa SSD ya terabaiti 1, ambayo boksi lake liliahidi megabaiti 1,050 kwa sekunde. Cha tatu kilikuwa kidude kidogo cha kumetameta kilichoandikwa terabaiti 2, ambacho mwenzetu mmoja alikinunua kwa bei ya kuchekesha, akitaka kibebe nakala ya pili ya sauti za wazee.

JARIBIO LA KWANZA: JE, KINASEMA KWELI?

Kabla ya kuuliza diski ina mbio kiasi gani, uliza kwanza kama ni kubwa kama inavyodai. Msishangae mkiona diski ya kweli ya terabaiti 1 ikionyesha 931 kwenye kompyuta. Huo si wizi. Kiwanda huhesabu kwa elfu, nazo kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo ni kishaka kile kile cha mahindi kilichopimwa kwa pishi tofauti.

Wizi ni huu: wako wanaochukua chipu ndogo, wakaifundisha kuiambia kompyuta kwamba ni kubwa. Kompyuta huamini. Unanakili mafaili, majina yote yanaonekana, na ukubwa unaonekana. Lakini chipu ikishajaa, kinachofuata hutupwa au huandikwa juu ya kilichotangulia. Hupati onyo lolote. Utagundua siku utakapofungua faili.

Dawa yake ni moja: ijaze diski yote mpaka pomoni, kisha usome kila kilichoandikwa ulinganishe. Ziko programu za bure za kazi hiyo, H2testw kwa kompyuta za Windows, na F3 kwa kompyuta za Linux na nyinginezo. Ile SSD yetu ilipita. Kuijaza kulichukua saa 1 na dakika 20 na ushei, na kuisoma upya kulichukua kama dakika 20.

Kile cha kumetameta tulikipa picha zetu 12,000. Kilijikokota saa 1 na nusu, kikaonyesha majina yote 12,000. Mwenzetu akafurahi. Tulipokitoa, tukakichomeka upya na kuzilinganisha picha moja moja, picha 7,000 hivi zilikuwa nzima. Zile 5,000 zilikuwa majina matupu. Ndani ya terabaiti 2 mlikuwa na gigabaiti 64 tu. Hebu fikirini sauti za wazee wale zingekaa upande gani.

JARIBIO LA PILI: WAYA NA TUNDU

Baada ya ukweli ndipo ije kasi. Na kwanza tuelewane juu ya kipimo. Waya na matundu hupimwa kwa biti, mafaili hupimwa kwa baiti, na baiti 1 ni biti 8. Tundu la USB 2.0, lililotoka mwaka 2000, hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 kwenye karatasi, na katika kazi halisi hazifiki hata 45. USB 3.0, ya mwaka 2008, ni gigabiti 5. Baada yake likaja la gigabiti 10, ndilo linaloweza kukaribia megabaiti 1,000 kwa sekunde.

Maana yake ni kwamba diski ya mbio katika tundu la zamani ni kama gari jipya katika njia ya matope. Na usitazame tundu tu, tazama na waya. Nyaya nyingi za kuchajia simu zina kichwa kile kile kama cha waya wa diski, zinaingia vizuri kabisa, lakini ndani zimetengenezwa kwa kasi ya USB 2.0. Tulinakili picha zetu za gigabaiti 110 kwenye SSD ile ile, kompyuta ile ile, tundu lile lile. Kwa waya uliokuja na diski ilichukua dakika 5 na nusu. Kwa waya wa simu ilichukua dakika 48. Diski ya kuzunguka, kwa waya wake, ilichukua kama dakika 17 na nusu. Kwa hiyo SSD yenye waya mbaya ilishindwa vibaya na mzee wa sahani!

Vijana, hapo pana somo la maabara. Ukibadilisha waya, usibadilishe na tundu. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, rudia mara tatu, andika kila mara. Ukibadilisha mawili, hutajua lipi limekupa jibu.

JARIBIO LA TATU: SAFARI NDEFU

Hapa ndipo penye jina la hotuba yangu. Bagamoyo ilikuwa mji wa misafara. Mpagazi alitwikwa kama frasila mbili, naye alikuwa na safari ya miezi mpaka Unyamwezi na Ujiji. Ukimtazama siku ya kwanza, akitoka mjini kwa ngoma na vigelegele mpaka kambi ya Kikoka, huwezi kujua nguvu zake. Nguvu za mpagazi zinajulikana njiani, maji yamepungua na mabega yamechubuka.

SSD nayo ni hivyo hivyo. Ile namba ya boksini ni mwendo wa Kikoka. Nitawaeleza kwa nini. Kijumba kimoja cha chipu kinaweza kushika biti 1, au 2, au 3, au 4. Kikishika biti 1 huandikwa haraka. Kikishika 3 au 4 hubeba zaidi na hupunguza bei, lakini huandikwa polepole. Watengenezaji basi hufanya kama mwenye duka anayepokea lori la nazi. Nazi kwanza hushushwa haraka haraka barazani, lori liondoke. Baadaye, kukiwa kimya, hupangwa ghalani taratibu. Diski huitumia sehemu yake moja kama baraza, ikaandika humo biti 1 kwa kijumba. Maadamu baraza lina nafasi, mbio ni za kustaajabisha. Baraza likijaa na lori bado halijaisha, kila nazi lazima ipelekwe ghalani moja kwa moja, na hapo unaijua diski yenyewe.

Yetu ilianza kwa megabaiti 870 kwa sekunde. Ilipofika kama gigabaiti 60, ikashuka ghafla hadi 190, ikabaki hapo mpaka mwisho. Boksi halikusema uongo, ila lilisimulia sehemu ya kwanza tu ya safari. Tena diski ikijaa, baraza nalo hupungua. Tulipoijaza hadi asilimia 80 na kurudia kazi ile ile, mbio zilikatika baada ya gigabaiti 12, na kazi ya dakika 5 na nusu ikawa karibu dakika 9. Ziko diski za bei rahisi ambazo baraza likijaa huenda polepole kuliko ile ya kuzunguka.

Kwa hiyo msipime kwa faili dogo. Programu za kupimia kama CrystalDiskMark ni nzuri, lakini kipimo chake cha kawaida ni gigabaiti 1, ambayo huishia barazani. Na ukinakili kitu kidogo kuliko kumbukumbu ya kompyuta, mara nyingine hupimi diski kabisa. Kompyuta imekipokea yenyewe, ikakwambia tayari, huku bado inakiandika nyuma ya pazia. Kompyuta yetu ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 16, ndiyo maana tulitumia gigabaiti 110. Kipimo kizuri kuliko vyote ni kazi yako mwenyewe, kwa ukubwa wake wenyewe, na saa mkononi.

Jambo jingine dogo lenye kusumbua: mafaili madogo madogo. Tulikuwa na maelfu ya fomu za kaya, kila moja ya kilobaiti chache. Hizo zilikwenda kwa makumi machache tu ya megabaiti kwa sekunde, kwa diski ile ile iliyofika 870. Kila faili lina salamu zake za kuingia na kutoka, na salamu zikizidi mzigo, safari haiendi. Dawa ni kuyafunga pamoja katika faili moja kubwa kabla ya kuyanakili.

JARIBIO LA NNE: JUA LA KWETU

Namba za boksi hupimwa katika vyumba vyenye ubaridi. Sisi tunafanya kazi Pwani, na Januari ya Makurunge mnaijua. Chipu ikipata joto sana diski hujipunguza mwendo yenyewe, isije ikaungua. Huo si ubovu, ni akili. Lakini lazima ujue itakuchelewesha kiasi gani.

Tulifanya kazi ile ile mara mbili. Mara ya kwanza diski ilikuwa kwenye sakafu ya saruji barazani, kivulini, nayo ikachukua dakika zake 5 na nusu. Mara ya pili tuliiweka juu ya boneti la gari juani saa saba mchana. Ikachukua dakika 11, na ganda lake halikushikika. Tangu siku hiyo sheria ya timu yetu ikawa diski haikai garini, haikai dirishani, haifunikwi kwa kitambaa inapofanya kazi.

Nayo hufuatana na umeme. SSD haina betri. Inakula umeme wa tundu. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha milliampia 500, la 3.0 milliampia 900. Ukiichomeka kwenye kigawio cha bei rahisi pamoja na vitu vingine vinne, inaweza kukatika katikati ya kuandika. Basi mwendo wa jaribio ni huu: ichomeke moja kwa moja, na kabla ya kuichomoa iambie kompyuta kwanza, usubiri ruhusa.

JARIBIO LA TANO: UAMINIFU

Nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo kubwa. Diski yaweza kuwa ya mbio, ya baridi na ya ukubwa wa kweli, na bado faili moja likaharibika njiani. Utajuaje? Kila faili linaweza kupewa alama ya vidole. Programu hulisoma lote na kutoa mfululizo wa herufi na tarakimu 64, kwa hesabu inayoitwa SHA-256. Ukibadilisha hata biti moja katika picha, alama yote hubadilika. Sisi tulitoa alama za picha 12,000 na za sauti zote kabla ya kunakili, tukatoa tena baada ya kunakili, tukazilinganisha kwa programu. Zote zililingana, na orodha ya alama hizo tumeitunza. Baada ya miaka 10 mtu ambaye hatumjui ataweza kuzipima tena na kujua kama kitu kimeguswa. Katika mgogoro wa mpaka, hilo si jambo dogo.

Ndipo tunaporudi kwenye swali la babu, kama kidude kitakumbuka. Ndugu zangu, SSD husahau. Chaji iliyomo katika vijumba huvuja polepole, na joto huiharakisha. Chama cha kimataifa cha viwango vya chipu, JEDEC, kinataka SSD ya watu wa kawaida, ikiwa imeshatumika hadi mwisho wa uwezo wake wa kuandikwa, iweze kutunza data mwaka 1 bila umeme katika nyuzi 30 za Selsiasi. Diski mpya hukaa zaidi ya hapo. Lakini stoo zetu za Pwani huvuka nyuzi 30 kwa urahisi, na diski ya kabatini hakuna anayejua imechakaa kiasi gani. Kwa hiyo SSD ni mbebaji hodari, si kaburi la kuzikia kumbukumbu ukaenda zako. Lazima iamshwe, ichomekwe, ipimwe alama zake, angalau mara moja au mbili kwa mwaka.

Ndiyo maana sauti za wazee wa Makurunge hazikai mahali pamoja. Ziko katika SSD tuliyoijaribu, ziko katika diski ya kuzunguka iliyofungiwa kwenye ofisi nyingine, na ziko katika kompyuta kuu iliyo mji mwingine. Ni nakala tatu, katika vifaa vya namna mbili, na moja iko mbali. Na kwa kuwa mna majina ya watu na mali zao, diski inayosafiri imefungwa kwa neno la siri, kama inavyopasa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022.

KWA SHULE YETU

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa nilijibu swali la Kamati kwa vitendo.

Kwanza, tusinunue diski moja kubwa ya fahari. Kwa fedha hizo hizo tununue SSD moja ya wastani na diski mbili za kuzunguka. Daftari za shule hazihitaji mbio za megabaiti 1,000, zinahitaji kuwapo.

Pili, tununue mahali penye risiti na ruhusa ya kurudisha, na kila diski ijaribiwe kabla siku za kurudisha hazijapita. Ijazwe yote na isomwe yote. Isiyopita irudi dukani siku hiyo hiyo.

Tatu, waya uliokuja na diski ufungwe pamoja nayo kwa uzi. Nasema kwa uzi, wala sifanyi mzaha.

Nne, na hili ndilo naliomba kwa moyo, kazi ya kujaribu wapewe wanafunzi. Klabu ya sayansi iandike katika daftari: tarehe, joto la chumba, tundu, waya, ukubwa wa mzigo, dakika zilizotumika, alama zimelingana au hazikulingana. Irudie kila muhula. Kijana wa Kidato cha Pili anaweza kufanya jaribio zima kwa saa ya ukutani na kompyuta moja, na atakuwa amejifunza jambo ambalo wakubwa wengi hawajalijua, kwamba ahadi hupimwa kwa kazi na si kwa maandishi.

Daftari zile za shule zina majina ya wenzetu ambao wengine wameshatangulia mbele ya haki. Hawana picha kwingine wala saini kwingine. Zimevumilia mvua, mchwa na kuhamishwa ofisi tatu, kwa sababu karatasi, pamoja na udhaifu wake, haidai kuwa kubwa kuliko ilivyo. Tunapozihamishia katika chipu, tusizipeleke mahali ambapo hatujapajaribu. Karatasi zenyewe nazo zisitupwe. Ziwekewe dawa ya mchwa, zirudi kabatini, ziwe nakala ya nne.

Mimi nitaleta diski ya kwanza mwezi ujao, bado ikiwa ndani ya boksi. Naomba vijana wasiopungua wawili wajitolee kuifungua na kuipima mbele ya Mwalimu, na matokeo, yakiwa mazuri au mabaya, yabandikwe ubaoni.